Mabomba ya hewa ya injini: kipi ni urembo, kipi ni kazi

Kila mvua zinapokaribia, simu ya studio hupokea swali lile lile kwa sauti tofauti. Mkulima anauliza kama akifunga snokeli kwenye pikapu yake ataweza kuvuka korongo bila kusubiri maji yapungue. Dereva wa Probox ameambiwa gereji atoe boksi la filta, aweke filta ya koni inayong'aa, na gari "litafunguka". Mwingine ameona Noah yenye tundu la hewa juu ya boneti na anataka kujua tundu lile linapeleka hewa wapi. Hewani tuna dakika chache tu kati ya matangazo na taarifa ya habari, kwa hiyo jibu huishia nusu. Hapa tumeliandika lote, kwa msaada wa mafundi tunaowaalika kwenye kipindi, ili usome kwa nafasi yako na ukipenda umwonyeshe fundi wako.

Kwa wenye bando dogo, jibu fupi ni hili: kwenye gari la kawaida, kubadilisha mpangilio wa kuvuta hewa mara nyingi hubadilisha sura na sauti, si nguvu. Na kwa vumbi na maji ya huku kwetu, mabadiliko yakifanywa vibaya huondoka na injini.

Safari ya hewa

Kuchoma kilo 1 ya petroli kunahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Injini ya cc 2000 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku mafuta yamekanyagwa hadi mwisho inavuta hewa inayokaribia lita 3,000 kila dakika. Hayo ni mapipa 15 yale ya lita 200, kwa dakika moja.

Hewa hiyo huingilia kwenye mdomo ambao watu wengi hawajawahi kuuona, kwa sababu umefichwa nyuma ya taa au ndani ya madigadi, mahali penye ubaridi. Ikitoka hapo huingia kwenye boksi la filta, hupenya filta ya karatasi, hupita kwenye bomba lenye sensa, hufika kwenye mlango wa hewa unaofunguliwa na mguu wako, kisha hugawanywa kwenye menifoldi kwenda kila silinda. Baadhi ya magari yana pia kiboksi kitupu kilichobandikwa kwenye bomba. Hicho hupunguza mvumo. Vijana wengi hukitoa wakidhani kinabana hewa. Ukikitoa, gari linanguruma zaidi na dereva anahisi limepata nguvu. Masikio ndiyo yamedanganyika.

Mlango wa hewa ndio unaoeleza kwa nini filta ya bei kubwa haileti muujiza kwenye gari la petroli. Unapoendesha kawaida, mlango huo uko wazi kidogo tu, nao ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Kuweka filta inayopitisha zaidi mbele yake ni sawa na kupanua lango la ua wakati mlango wa nyumba umefunguliwa nusu. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya petroli ya injekta yakiwa na filta safi, kisha yakiwa na filta zilizozibwa makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa kuchukua mwendo dereva anapokanyaga hadi mwisho. Kwa hiyo anayekuuzia filta ya koni kwa ahadi ya kupunguza mafuta, muulize atapunguza vipi.

Filta ya koni na joto la boneti

Koni yenyewe si kitu kibaya. Ubaya huanza pale boksi linapotolewa na koni ikaachwa wazi ndani ya boneti, karibu na rejeta na bomba la moshi. Hewa ya pale ni ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 20 ikipashwa hadi nyuzi 60 hupoteza karibu asilimia 12 ya uzito wake kwa ujazo ule ule. Gari likiwa kwenye foleni au likipanda mlima polepole, injini inavuta hewa hiyo hafifu, wakati mdomo wa awali ulikuwa unachukua hewa ya nje. Umelipa hela ukapunguza nguvu.

Sisi wa ukanda huu wa kati hatuna akiba ya kuchezea. Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Singida ni juu zaidi, na hewa ya huku tayari ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo huliona hilo kwenye kila mlima.

Jambo la pili ni sensa ya hewa. Magari mengi ya injekta yana waya mwembamba wenye joto ndani ya bomba. Kompyuta huangalia jinsi hewa inavyoupoza, ikakadiria kiasi cha hewa na kupima petroli ya kumwaga. Makadirio hayo yanategemea upana wa bomba la kiwandani. Ukiweka bomba pana zaidi, waya unapata upepo mdogo kuliko hali halisi, kompyuta inamwaga petroli pungufu, injini inakosa nguvu au inamisi, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Halafu zipo filta za pamba za kuosha, zinazopakwa oili maalumu. Ukipaka oili nyingi, inapeperushwa hadi kwenye ule waya na kuupaka utando. Tumesikia habari za watu waliobadilisha plagi, koili na pampu ya petroli, kumbe kilichohitajika ni dawa ya kusafishia sensa.

Vumbi

Hapa tunaomba usiruke.

Vumbi la barabara zetu limejaa chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha ringi na cha kuta za silinda. Chembe zinazoua injini si zile unazoziona mkononi. Ni zile ndogo kuliko unene wa unywele, zinazotosha kuingia kwenye utando wa oili kati ya ringi na silinda na kusaga pande zote mbili kama msasa. Injini haitakufa siku hiyo. Miezi inapita, halafu inaanza kula oili, moshi wa bluu unatoka asubuhi, gari linakosa nguvu milimani, na mwenye gari analaumu oili feki. Huenda oili haina kosa.

Filta nzuri ya karatasi hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi, ikiwa imekaa sawa kwenye boksi lake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Filta bora iliyokaa upande, au bomba lililofungwa kwa waya badala ya klempu, huacha upenyo, na hewa siku zote hufuata njia rahisi. Koni nyingi za bei nafuu zina wavu wazi kiasi kwamba ukizielekeza kwenye jua unaona mwanga katika vitundu. Kama mwanga unapita, vumbi nalo linapita.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Zima injini, fungua bomba lililo baada ya filta, upande wa kuelekea kwenye injini, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka safi au na unyevu kidogo wa oili, uko salama. Kikitoka na vumbi la rangi ya barabara yako, basi vumbi hilo limeshafika kwenye silinda, na unapaswa kutafuta linapoingilia leo, si mwisho wa mwezi. Fanya hivyo kila baada ya mabadiliko yoyote ya filta au bomba, hata aliyeyafanya akiwa fundi unayemwamini.

Na tafadhali, usipulize filta ya karatasi kwa upepo mkali wa kompresa. Karatasi inatoboka vitundu usivyoviona, kisha unairudisha kwenye gari ukidhani umeisafisha.

Wakulima wenye Massey Ferguson za zamani wanaijua hadithi hii kuliko madereva. Trekta lile lina bomba la hewa lililosimama juu, mara nyingi likiwa na bakuli la kukusanya vumbi zito kabla halijafika kwenye filta ya oili. Aliyelibuni hakuwaza urembo. Trekta linalima ndani ya wingu la vumbi lake lenyewe, na hewa ya juu ina vumbi pungufu kuliko ya karibu na magurudumu.

Snokeli, na siku gari letu lilipozama

Snokeli ya gari ni wazo hilo hilo la trekta. Jina limetoka kwenye bomba la nyambizi za Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, lililoziwezesha kuvuta hewa zikiwa chini ya maji, na ndiyo maana watu huifikiria kwa maji tu. Huku kwetu kazi yake ya kila siku ni vumbi: ukifuata lori kwenye barabara ya changarawe, hewa ya usawa wa paa ni safi kuliko ile iliyo nyuma ya bampa. Kwa hiyo kwa mwenye Land Cruiser au Hilux anayeishi kwenye vumbi, snokeli iliyofungwa vizuri ina maana. Iliyofungwa vibaya ni pambo la plastiki, na sisi tumelijua hilo kwa njia ngumu.

Gari letu la matangazo ya nje lilikuwa Hilux ya dizeli ya cc 2500, tuliyoinunua ikiwa imetumika. Lilikuwa na snokeli nyeusi upande wa kulia, na tuliringa nalo. Msimu mmoja wa masika tulikuwa tunawahi mkutano wa kijiji tuliokuwa tumeahidi kuurusha moja kwa moja. Korongo lilikuwa limejaa, maji yakifika kwenye taa, lakini tukaambiana, "Si tuna snokeli?" Katikati injini ikazima kwa kishindo kimoja kifupi, kama mtu amegonga nyundo. Wananchi walitutoa kwa kamba. Fundi alipofungua madigadi alituita tuone wenyewe: bomba la snokeli liliishia ndani ya madigadi, halikuunganishwa na kitu chochote. Boksi la filta lilikuwa bado linavuta hewa kwenye tundu lake la zamani, chini, usawa wa maji. Aliyeifunga snokeli ile alitoboa bati, akakaza boliti, akapokea hela yake.

Kwa nini maji kidogo yavunje chuma? Hewa na mafuta vikibanwa na pistoni husinyaa, maji hayasinyai. Kwenye injini ya petroli ya cc 2000 yenye silinda nne na mbano wa 10 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika mwisho ni kama mililita 55 tu. Kwenye dizeli kama yetu yenye mbano wa karibu 18 kwa 1 ni chini ya mililita 40, vijiko viwili na nusu vya chakula. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda, na fito inayoishika hupinda. Yetu ilipinda moja. Gari lilikaa gereji wiki sita, na matangazo ya nje tuliyafanya kwa bodaboda, mtambo ukiwa kwenye begi la mgongoni.

Tangu hapo hatuamini snokeli kwa macho. Kuipima, washa injini iwe kwenye sailensa, kisha ziba mdomo wa juu wa snokeli kwa kipande cha ubao bapa chenye mpira. Usitumie kiganja, kwa sababu mvuto ni mkali. Injini inapaswa kukabwa na kuzima ndani ya sekunde chache. Ikizima, hewa yote ilikuwa inapita juu. Ikiendelea kuunguruma kana kwamba hakuna kitu, kuna mahali inavuta hewa kwingine. Ondoa ubao mara tu injini inapoanza kukabwa, wala usikanyage mafuta wakati wa kupima, hasa kwa gari la turbo, maana mipira laini inaweza kujikunja ndani.

Angalia pia boksi la filta. Mengi yana kitundu cha kutolea maji chini, chenye kiziba cha mpira. Kwa anayetaka kuvuka maji, kiziba hicho kiwe kizima, na viungo vyote vikazwe kwa klempu na silikoni. Mdomo wa juu ukielekezwa mbele, wauzaji husema upepo "unajaza" injini. Tumepiga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, msukumo wa upepo huo haufiki hata nusu ya asilimia ya kani ya hewa iliyopo tayari. Ukiwa nyuma ya lori lenye vumbi, kichwa cha aina inayozungushwa kinafaa zaidi kikitazama nyuma.

Hata snokeli kamili haigeuzi gari kuwa mtumbwi. Toyota huweka kina cha sentimeta 70 kwa Hilux za toleo lililoanza 2015, na Ford huweka sentimeta 80 kwa Ranger. Vipimo hivyo haviangalii mdomo wa hewa peke yake. Kuna altaneta, kuna nyaya, kuna feni inayoweza kupinda na kukata rejeta ikipiga maji, na kuna vipumuo vya difu na giaboksi: chuma cha moto kikiingia kwenye maji baridi hunyonya maji, na kesho yake oili ya difu inakuwa kama maziwa. Zaidi ya hayo, maji yanayokimbia husukuma. Sentimeta 30 zinatosha kuchukua gari dogo, na sentimeta 60 huchukua hata pikapu. Snokeli haiongezi uzito wa gari wala haishiki ardhi. Korongo likiwa linavuma, subiri.

Tundu la boneti

Hilux za dizeli za lita 3 zilizotoka kuanzia 2005, na Subaru Impreza WRX, zina tundu juu ya boneti, na watu huamini ni la kulisha injini. Si hivyo. Hewa inayoingia pale hupuliza intakula, kile kifaa kinachopoza hewa iliyobanwa na turbo. Gari lisilo na turbo halina intakula, kwa hiyo tundu lililobandikwa juu yake halina cha kupuliza. Mengi ya kununua hayana hata uwazi chini yake; yamegundishwa kwa gundi juu ya bati zima. Hayo hayana madhara, ni pambo kama pambo lingine. Yanayoleta shida ni yale ambayo boneti limekatwa kweli, kwani mvua inanyesha moja kwa moja juu ya koili na nyaya.

Kuhusu Noah aliyoulizia msikilizaji: kama ni zile za zamani zenye injini chini ya viti vya mbele, tundu la boneti liko mbali na injini kuliko alivyo dereva.

Umbo la nje halisemi

Je, mpangilio wa mabomba hauongezi nguvu kabisa? Huongeza, pale waliobuni injini wanapoupigia hesabu. Hewa ndani ya bomba la menifoldi haitiririki kama maji ya mfereji. Kila valvu ikifunga, wimbi hurudi nyuma, na bomba likiwa na urefu unaofaa wimbi hilo hurejea kwa wakati na kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Bomba refu husaidia mizunguko ya chini, bomba fupi husaidia mizunguko ya juu.

Mfano tunaoupenda ni wa Marekani, mwaka 1960. Chrysler walitoa gari liitwalo 300F, lenye mabomba ya hewa ya inchi 30, karibu sentimeta 76, yaliyopishana juu ya injini kama mikono iliyokunjwa kifuani. Ukifungua boneti, ni urembo mtupu. Lakini urefu ule ulikuwa wa hesabu, na injini ilitoa nguvu farasi 375 ikiwa na mvuto mkubwa kwenye mizunguko ya chini. Wakatengeneza pia toleo la mbio la nguvu farasi 400. Kwa nje mabomba yake yalionekana na urefu ule ule. Tofauti ilikuwa ndani, ambako kuta za kati zilikatwa ili mawimbi yaone bomba fupi. Watu wawili wangesimama mbele ya magari hayo mawili na kusema ni kitu kimoja.

Menifoldi ya kung'aa inayouzwa bila hesabu ya injini yako inafanana na ya mbio kwa jinsi hiyo hiyo, yaani kwa nje.

Wa bodaboda

Kwenu ni fupi. Ukitoa boksi la filta la pikipiki ya kabureta na kuweka kikoni, hewa inaongezeka lakini jeti ya petroli ni ile ile. Mchanganyiko unakuwa mkavu, plagi inageuka nyeupe, injini inachemka, na wakati wa kuachia mafuta inalipua kwenye ekzosi. Wengine hufurahia mlio huo. Bila kubadilisha jeti, ni mlio wa injini inayoungua. Na kikoni chenyewe kinakaa wazi karibu na tairi la nyuma, kwenye tope.

Ukitaka gari lako lipendeze likifunguliwa boneti, fundi wetu anashauri upake rangi kava ya injini, ubadilishe mipira iliyochoka na klempu zilizoota kutu, uoshe nyaya na kuzifunga vizuri, na boksi la filta ulirudishe mahali pake na filta mpya ya saizi sahihi. Na kama gari limezimika majini, usijaribu kuliwasha tena hata mara moja. Livutwe nje, plagi zitolewe, au nozeli kama ni dizeli, injini izungushwe taratibu kwa mkono hadi maji yatoke, na filta na oili zikaguliwe kabla ya kugusa ufunguo.

Fundi atakuwa studio Jumamosi hii kwenye kipindi cha asubuhi. Tutumie kabla picha ya snokeli au filta yako, na ukishafanya kipimo cha ubao, tuandikie injini ilizima au iliendelea kuunguruma.